Kuni za Mgeni

4 Agosti

Kitabu hiki nilipewa na muuza saruji. Kila ukurasa una tarehe yake na picha ndogo ya mfuko wa saruji pembeni, kana kwamba mimi mchoma matofali nahitaji kuonyeshwa adui yangu kila kukicha. Kimekaa juu ya kabati tangu mwaka uanze. Leo nimekishusha kwa sababu kuna jambo kubwa limeingia nyumbani kwangu, na mambo makubwa ya maisha yangu yasipoandikwa watu husema nimeyatunga.

Shule niliiacha darasa la tano. Mwalimu alimwambia marehemu baba, "Huyu hana cha kujifunza hapa." Wapo wanaoitafsiri vibaya kauli ile. Mimi nilimwelewa.

Jambo lenyewe ni mpwa wangu. Binti wa dada yangu, yule niliyembeba mgongoni alipougua surua mpaka upele ukaniogopa mimi ukamwacha na yeye. Sasa ni mtafiti wa mazingira. Anapima jinsi watu wanavyokula misitu na maji na hewa, halafu ofisi yao inawashauri wakubwa waweke sheria gani. Amekuja na mizani ya kuning'iniza, ndefu kama mlango, na kidude chenye meno mawili cha kuuma kuni kujua zina maji kiasi gani.

Habari aliyoileta si nzuri. Baraza la mji linataka kupiga marufuku kuchoma matofali kwa kuni. Vilima vimekuwa vipara na kijito kinachotunywesha kimebaki uzi. Hilo nalikubali, macho ninayo. Lakini bonde letu zima linaishi kwa tofali. Ofisi ya mpwa wangu imeombwa ushauri kabla baraza halijakaa mwezi wa kumi na moja.

"Mjomba, kuna tanuri la aina nyingine," akaniambia. "Lina vyumba viwili na bomba. Moshi wa chumba hiki unakausha matofali ya chumba kile. Nitapima tanuri moja la zamani, halafu tutajenga jipya tulipime nalo. Jipya likila kuni pungufu sana, nitawaambia wasifunge, wabadilishe. Lisipokula pungufu, sina la kuwaambia."

"Utapima la nani?"

"Lolote la zamani."

"Lolote! Mwanangu, mtu haendi mnadani akasema nipe ng'ombe yeyote."

Basi likawa langu. Namshukuru Mungu kwa kunipa dada, na dada kwa kunipa mpwa. Akili za mtoto huyu zimetoka upande wetu, kila mtu anajua.


7 Agosti

Nimemsimulia mpwa wangu habari ya tofali lililolia. Mwaka ule nilichoma tanuri likaiva hata ukigonga tofali linalia kengele. Asubuhi nikagonga moja, kujaribu tu. Watoto wa shule ya msingi wakatoka madarasani wote wakaenda nyumbani. Mwalimu mkuu akaja kunisihi nisigonge tena wakati wa mitihani.

Alicheka, akaandika kitu. Nikamuuliza ameandika nini.

"Tarehe, mjomba."


10 Agosti

Nimepanga tanuri mwenyewe, tofali kwa tofali. Limenyooka kama askari wa gwaride.

Imebaki kuni. Kuni za kazi zipo uwanjani, mikaratusi iliyokatwa juzi, ukiichoma inatoa machozi kwenye ncha. Nilizitazama, nikaona haya. Mtoto ametoka ofisi ya watu wenye digrii na mizani yake, halafu mjomba wake amwashie kuni zinazolia?

Nyuma ya nyumba mke wangu ana kichanja cha kuni za jikoni. Anaziweka chini ya bati tangu mwaka jana, kavu hata ukizitazama kwa hasira zinawaka. Nilichukua mkokoteni.

"Baba Watoto, unapeleka wapi hizo?"

"Tanurini. Mgeni anapima."

"Na mimi nitapikia nini?"

"Utapikia heshima ya mumeo."

"Heshima haichemshi maharage," akasema, akageuka. Mwanamke huyu hana subira na mambo makubwa.


12 Agosti

Nimekandika tanuri kwa tope. Likakauka, likapasuka nyufa ndogo kama kawaida ya tope. Nikakandika tena juu yake.

Jirani yangu wa tanuri la pili akaja kusimama. Tunamwita Kimya, maana maneno anayatumia kama mtu aliyeyakopa. Akalizunguka tanuri langu, akapitisha kiganja ukutani.

"Anakuja nani?"

"Sayansi," nikamjibu.

Akaondoka.


17 Agosti

Imekwisha, na imekuwa kubwa. Tangu nianze kazi hii sijauona moto ulionitii namna ile. Mpwa wangu alipima kila mzigo kabla haujaingia mdomoni mwa tanuri. Mimi sikukaa. Upepo ukija mashariki naziba mdomo wa mashariki, ukihamia magharibi unanikuta nimeshafika. Upepo mwenyewe mwishoni ulichoka, ukaenda kusumbua watu wa bonde la pili.

Tulipofungua, matofali mekundu, hakuna jeusi, hakuna bichi. Na kuni zilizoliwa zilikuwa chache.

Mpwa wangu alitazama hesabu zake, akazitazama tena.

"Mjomba, sikutegemea. Hivi ndivyo mnavyochoma siku zote?"

"Siku zote, mwanangu. Hata nikiwa na homa."

"Kuni kavu hivi?"

"Sisi na kuni mbichi ni maji na mafuta."

"Na wenzako?"

"Wenzangu wananifuata kwa mbali kidogo, lakini njia ni moja."

Akaandika. Nilimshukuru moyoni kwa kuja kwangu na si kwa mwingine. Angepimia nini kwa Kimya?


20 Agosti

Chai ina harufu ya moshi.


21 Agosti

Maharage nayo.


23 Agosti

Nimemuuliza mke wangu kama kuna tatizo jikoni. Akasema hakuna tatizo lolote, akanipa chakula, akakaa akanitazama nikila. Macho yake mekundu. Nikadhani ni mafua.


2 Septemba

Tumeanza kujenga tanuri jipya kwenye uwanja wa wote, karibu na njia ya malori. Wachomaji wote wa bonde wamejitokeza. Kimya amebeba mawe ya msingi kama anayeidai ardhi. Mpwa wangu amevaa viatu vya mpira na kitambaa kichwani, anapima bomba kwa kamba, anaomba nyundo. Vijana wanamwita "injinia" yeye anakataa. Nimewaambia ni mpwa wangu. Nadhani hakuna mtu bondeni ambaye bado hajaambiwa.


11 Septemba

Bomba limesimama. Mimi ndiye niliyeweka tofali la mwisho juu. Nikiwa kule juu niliona mbali sana, nikaona mji wa pili, nikaona mtu anakunywa soda.


26 Septemba

Tulichoma jipya. Nilikwenda na dharau yangu mfukoni, lakini nisiwe mwongo: ni zuri. Huna haja ya kukimbia huku na huku. Moshi unatii bomba, moto unasonga wenyewe, na kifua changu leo hakikohoi. Kuni zilikuwa zile za uwanjani, mikaratusi mibichi, maana za kichanja ziliisha. Kidude chenye meno kilipouma kuni, mpwa wangu akakunja uso.

"Hizi mbichi kuliko za kwanza, mjomba."

"Miti nayo ina siku zake."

"Haidhuru, unyevu nitauondoa kwenye hesabu." Lakini uso haukukunjuka.


28 Septemba

Matokeo! Tanuri jipya, pamoja na vyumba vyake na bomba lake na michoro yake yote, limelishinda langu kwa kidogo tu. Kidogo tu! Mpwa wangu ameondoa unyevu, ameondoa hiki na kile, bado tofauti ni ya kukwaruza.

Nilikwenda moja kwa moja kibanda cha chai.

"Jamani," nikasema, "darasa la tano limesimama na chuo kikuu, likabaki limesimama!"

Walipiga makofi. Muuza chai alinipa kikombe cha bure. Nikasimulia jinsi upepo ulivyochoka. Nikaongeza kidogo, lakini kidogo sana.

Kimya alikuwa pembeni. Alipomaliza chai yake akainuka, akaweka kikombe chini taratibu.

"Umetufungia," akasema, akatoka.

Nimekaa na neno lile tangu mchana. Nimelichukia.


30 Septemba

Mpwa wangu amenieleza vizuri, kwa upole, kama mtu anayemwambia mgonjwa jina la ugonjwa.

"Mjomba, unafurahi na mimi sijui nifanye nini. Kama la zamani linakula kidogo hivi, maana yake hakuna cha kupunguza. Vilima vimeisha mkiwa mnachoma vizuri. Sasa nitawaambia baraza nini? Wabadilishe matanuri ili wapate nini? Watasema dawa ni moja, kufunga."

"Bonde zima?"

"Bonde zima."

"Hata mimi?"

"Mjomba, wewe ndiye ushahidi wao."




3 Oktoba

Mbayuwayu wameanza kuruka chini. Mawingu upande wa vilima, membamba kama pamba ya sikio.


5 Oktoba

Mawingu yameongezeka. Nimeshindwa kula. Mke wangu hakuuliza kwa nini.


8 Oktoba

Leo nitaandika mpaka mkono uchoke.

Mpwa wangu alikuja mchana kuaga. Anarudi ofisini kuandika ripoti. Mimi nilikuwa uani nimekaa na kikombe, najifanya nachokonoa redio. Akaingia jikoni kumsalimia mke wangu. Nikamsikia anakohoa, halafu anakohoa tena.

"Mama, mbona moshi hivi? Utaharibu macho."

"Yameshaharibika. Kuni mbichi, mwanangu, nifanyeje?"

"Si nilikuja mwezi wa sita nikakuta kichanja kimejaa chini ya bati?"

"Kichanja? Muulize mjomba wako. Kichanja changu cha mwaka mzima kiliingia kwenye mizani yako."

Hata maharage yaliacha kuchemka.

"Mjomba."

"Naam."

"Njoo."

Nikaenda. Jikoni palikuwa na moshi hata sikuwaona vizuri, niliona macho tu, jozi mbili, zote zinaniangalia.

"Zile kuni za mara ya kwanza zilikuwa za jikoni?"

"Zilikuwa za nyumbani. Tanuri nalo ni la nyumbani."

"Na kule kukandika mara mbili nilikodhani ni desturi?"

Mke wangu akadakia, "Mara mbili? Tanuri kalikandika mara mbili? Tangu anioe hajakandika ukuta wa jiko hili hata mara moja!"

Mpwa wangu akaanza kucheka. Alicheka akashika kizingiti, machozi yakamtoka, nami nikafurahi nikadhani yameisha. Halafu kicheko kikakatika.

"Mjomba, nilikuja kupima siku ya kazi. Wewe ukanionyesha siku ya harusi."

"Ulikuwa mgeni."

"Mimi mtoto wako."

"Ulikuja na mizani," nikasema. "Mtu akija na mizani ni mgeni."

Akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa. "Nimeandika hivi ndivyo mnavyochoma siku zote. Nimeweka jina langu chini. Ningesimama mbele ya baraza niseme hivyo, wafunge bonde, na miaka kumi baadaye mtu angekuja kupima akakuta nilisema uongo."

Sikusoma sana lakini hilo nililiona wazi. Nilikuwa nimempa mtoto wa dada yangu kigoda kibovu akakikalie mbele za watu.

Nikamwambia, "Nifanye nini?"

"Tupime upya. Tanuri lile lile, lakini uchome kama ambavyo ungechoma kama mimi nisingezaliwa."

"Sina matofali mabichi. Ya kwangu yote yameshaungua. Na kufyatua mengine hayatakauka kabla ya mvua."

Mke wangu akachochea moto. "Kimya anayo," akasema.


9 Oktoba

Nilikwenda kwa Kimya. Ana matofali mabichi ya msimu mzima, yamepangwa na kufunikwa kwa nyasi, anasubiri zamu ya kuchoma. Njiani nilikuwa nimetengeneza hotuba, ina mwanzo, ina kati, ina methali tatu. Nilipofika nikasema tu:

"Ndugu yangu, zile kuni zilikuwa za mke wangu."

"Najua."

"Ulijua?"

"Bonde zima linajua. Zilikuwa hazina moshi."

"Mbona hukusema?"

Akanitazama. "Ungenisikia?"

Halafu akavuta nyasi, akafunua rundo lake, akaniashiria kwa kidevu nichukue. Yote. Ya msimu mzima, na mawingu yale. Nimejisifu kwa mambo mengi maishani lakini sijawahi kufanya jambo kubwa kama lile kwa neno dogo namna ile. Nimeliandika ili liwepo mahali.


11 Oktoba

Tumebeba matofali tangu asubuhi. Mgongo umekataa. Mawingu meusi, hayajashuka.


13 Oktoba

Siku ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya kazi, na mimi nimewahi kuzima tanuri lililoungua kwa jasho langu peke yake.

Ugumu wenyewe ulikuwa wa kutofanya. Mpwa wangu aliwaomba Kimya na mke wangu wasimame pale waseme kama ninachofanya ni cha siku zote, maana kauli yangu ilikuwa imeisha thamani. Mke wangu alileta ndoo, akaipindua, akaikalia karibu na mdomo wa moto kama hakimu.

Nikapanga matofali. Safu moja ikapinda. Mkono ukaenda wenyewe kuinyoosha.

"Acha," akasema mke wangu. "Huwa huinyooshi."

"Nainyoosha!"

"Kimya, huwa anainyoosha?"

Kimya akatikisa kichwa kukataa.

Nikakandika mara moja. Nyufa zikatokea. Ufa mmoja mkubwa, karibu na kona, moshi ukaanza kutoka pale kama mtu anavuta sigara. Nikachukua tope.

"Weka chini hilo tope."

"Mke wangu, unapoteza moto, unauona unavyopotea?"

"Ufa huo naujua kama watoto wangu. Upo kila msimu. Wewe huwa uko kibanda cha chai saa hizi, unasimulia. Nenda."

"Niende wapi?"

"Kibanda cha chai. Ndivyo unavyochoma siku zote."

Mpwa wangu alijifanya anasoma mizani, mabega yanatikisika.

Nikaenda kibanda cha chai. Nilikaa. Sikuwa na cha kusimulia. Watu wakapita njiani, mmoja akapaza sauti, "Fundi mkuu! Tanuri lako leo linapiga chafya!" Wakacheka. Mtu mwingine angekufa. Mimi nikanywa chai. Nikaona kwa mbali moshi wangu unavyopanda juu, mzito, mweusi, umeegemea vilima vyenyewe visivyo na mti, na nikafikiri: ule ni moshi wangu wa kila mwaka. Nimeutazama tangu ujana sikuwahi kuuona. Nilikuwa najitazama mimi.

Niliporudi, kuni zilikuwa zinakwisha. Mpwa wangu anapima, anatia, anapima, anatia. Tanuri linakula kama limetoka kifungoni. Mwisho ilibidi tuombe kuni kwa jirani wa chini.

Jioni matone yakaanza. Tulikuwa tumeacha nusu ya matofali ya Kimya kule kwake, hayana nyasi, maana nyasi tulizivuta. Niliwaona watu wanakimbia. Wachomaji wote, wale wale walionicheka, wamebeba mapazia ya nailoni, mashuka, hata mlango mmoja wa bati sijui wameung'oa wapi. Walifunika. Mengine yaliyeyuka yakarudi kuwa udongo. Kimya akayatazama, akasema, "Yatafyatuliwa tena." Maneno mawili. Kwake hiyo ni hotuba.

Mvua ile haikuzidi. Ilipita kutuonya.


16 Oktoba

Tumefungua tanuri. Mengine meusi, mengine mabichi katikati, kama siku zote. Kuni: zaidi ya mara mbili ya zile za mwezi wa nane. Mpwa wangu alipiga hesabu mbele yetu. Tanuri jipya linakula chini ya nusu ya hili.

Akafurahi mpaka akamkumbatia mke wangu na masizi yake. Nami nikafurahi. Sijawahi kufurahia kushindwa na sikujua kunafanana hivi na kushinda.


17 Oktoba

Nilimwomba afute kipimo cha kwanza. Alikataa.

"Sifuti, mjomba. Vyote viwili vitaingia. Kile cha kwanza kinasema kitu."

"Kinasema mjomba wako ni mtu wa maonyesho."

"Kinasema kuni zikikauka chini ya paa na tanuri likitunzwa, hata la zamani linakula nusu. Hilo nalo litaingia kwenye ushauri."

Mke wangu akauliza, "Kwa hiyo kichanja changu kitaingia kwenye sheria?"

"Kikipita, ndiyo, mama."

Ameimba tangu saa ile. Kuni alizopikia ni mbichi bado.


25 Oktoba

Mvua.


26 Oktoba

Mvua. Kijito kinasikika kutoka kitandani. Namshukuru aliyekifungulia.


3 Novemba

Baraza limekaa leo. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Wachomaji tulikaa upande mmoja, tumevaa mashati ya kutokea, tunanukia sabuni.

Mpwa wangu alisimama akaeleza. Hakutaja tanuri la nani. Kazi yao ina mwiko huo, huwezi kumtaja mtu. Alisema "tanuri la zamani, kipimo cha kwanza" na "tanuri lile lile, kipimo cha pili". Alieleza vizuri, mimi niliyajua yote na bado nilisikiliza.

Afisa misitu wa baraza, mtu mwenye miwani na sauti ya chini, akainua kalamu.

"Binti, subiri. Tanuri moja, majibu mawili, na moja ni zaidi ya mara mbili ya jingine. Sisi tutajuaje kipi ni kweli? Pengine kipimo cha pili walichoma ovyo makusudi, ili hilo jipya lionekane la maana. Wangekuwa na sababu."

Ukumbi ukanong'ona. Mpwa wangu akasema kulikuwa na mashahidi. Afisa akasema mashahidi nao ni wachomaji na wake zao. Hakusema kwa ubaya. Lilikuwa swali la haki, na mpwa wangu jibu alikuwa nalo lakini mwiko ukamfunga mdomo. Niliona mkono wake unavyoshika kona ya meza.

Mke wangu aliniangalia. Kimya hakuniangalia, alitazama mbele. Hakuna aliyenisukuma. Iandikwe hivyo, hakuna aliyenisukuma.

Nikasimama.

"Mheshimiwa, tanuri ni langu."

"Karibu, mzee. Sema."

"Mimi ndiye mchomaji bora wa bonde hili. Uliza yeyote." Hakuna aliyepinga, au waliopinga walikohoa tu. "Nikuulize wewe kitu kimoja. Nyumbani kwako, mgeni mkubwa akija, unakula kama siku zote?"

Akatabasamu kidogo. "Hapana."

"Mkeo anatoa sahani zipi?"

"Za kabatini."

"Basi. Mara ya kwanza alikuja mgeni na mizani, nikatoa sahani za kabatini. Kuni kavu za mke wangu, tope mara mbili, sikukaa chini. Mara ya pili nilikula kama ninavyokula. Na kama mimi, niliye bora kuliko wote, siku ya kawaida natafuna kuni kiasi kile, hebu wewe mwenyewe piga hesabu ya hawa wengine."

Ukumbi ukalipuka. Wachomaji walinizomea na kunipigia makofi kwa pamoja, sijawahi kusikia sauti ya namna hiyo. Afisa alivua miwani akaifuta, mabega yanacheka. Kisha akasema, "Endelea, binti. Tumeelewa."

Wameamua. Msimu ujao wa kiangazi ndio wa mwisho kwa matanuri ya zamani kama langu. Anayehamia jipya anaruhusiwa, na watajengwa mengine mawili ya kushirikiana. Kuni zote zikauke chini ya paa kabla ya kutumika. Vilima vya juu hakuna kukata kabisa, vipumzike. Mke wangu alinibana kwenye mbavu waliposoma ile ya paa.

Tanuri langu nitalibomoa mwenyewe. Limenilishia watoto. Nilidhani ningehuzunika, na kidogo nimehuzunika, lakini nikiwa pale ukumbini nilikuwa nahesabu watu ambao bila wao leo bonde lingekuwa limefungwa: mwanamke aliyekula moshi miezi miwili bila kelele, mtu aliyenipa msimu wake kwa kidevu, wale waliong'oa mlango, na mtoto huyu aliyekataa kufuta. Ni wengi kuliko nilivyozoea kuwa nao kwenye hadithi zangu. Huwa niko peke yangu na upepo.

Nje mvua ilikuwa inashuka ile laini. Mpwa wangu akaja mbio chini ya bati, akafungua mdomo kunishukuru. Nilimuona nikamuwahi.

Najua akisimulia atasema vingine, kwa hiyo naandika hapa: asante ya kwanza ilikuwa yangu.